UZI: Dakika kumi za kwanza baada ya nusu kaputi. Tunaweza kujua mapema presha ya nani itashuka?

Mtoa Usingizi Wilayani (mleta uzi)

Wakuu, nawasalimu. Mimi ni muuguzi wa usingizi, mwaka wa kumi na moja sasa nipo thieta, hospitali ya wilaya hapa Tanzania. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome usiku.

Alikuja mzee wa miaka 71, ngiri imekwama, ametapika siku mbili. Mezani presha 138/84, mapigo 108. Kila mtu pale alifurahia ile 138, na mimi nikiwemo. Nikampa fentanili ya maumivu, nikampa propofoli ya kulaza, akalala, mrija wa kupumulia ukaingia vizuri. Mashine ya presha ilikuwa imewekwa ipime kila dakika tano. Kipimo kilichofuata ile kamba ya mkononi ilijaa upepo, ikaachia, ikajaa tena, ikaachia, ikajaa mara ya tatu. Walio kwenye kazi hii mnajua maana yake: mashine inatafuta mapigo haiyapati. Mwisho ikatoa 61/34.

Tulimwinua miguu, dripu ikafunguliwa yote, efedrini ya kupandisha presha, na presha ikarudi. Siku ya sita aliondoka kwa miguu yake, akaja hadi mlangoni kutuaga. Lakini kati ya 138 na 61 kuna dakika ambazo hakuna aliyezipima. Figo za mzee yule zilipita humo, moyo wake ulipita humo, na karatasi yangu ina mstari ulionyooka tu kutoka nukta moja kwenda nyingine.

Nilipofika nyumbani nikafanya hesabu ambayo ningeweza kuifanya mezani. Mapigo gawanya kwa presha ya juu: 108 kwa 138 ni 0.78. Mtu mzima aliye sawa hukaa kati ya 0.5 na 0.7. Hesabu hiyo ipo tangu 1967, ya Allgöwer na Burri, haihitaji umeme wala kifaa kipya. Mzee alikuwa mkavu ndani, mishipa yake imejibana kwa nguvu zote kushikilia ile 138. Propofoli ilipoingia ikamnyang'anya kile alichokuwa amekishikilia.

Kwa wasio wa fani: dawa ya kulaza huituliza mishipa ya damu, ikatanuka. Damu ni ileile, chombo kimekuwa kikubwa. Inayorudi moyoni inapungua, hivyo inayotoka inapungua pia. Juu ya hapo tukianza kumpumulisha mgonjwa kwa mashine, kifua kinajaa shinikizo na damu inayorudi inabanwa tena. Halafu baada ya mrija kuingia hakuna cha kumsisimua mpaka kisu cha daktari kiguse ngozi. Hapo katikati ndipo presha inapozama. Utafiti wa Reich na wenzake wa 2005, wagonjwa 4,096, ulikuta asilimia 9 presha ilianguka vibaya ndani ya dakika kumi za kwanza. Waliokuwa hatarini zaidi: wenye miaka 50 na kuendelea, wenye magonjwa mazito, walioanza na presha ya wastani (ile iliyo kati ya namba ya juu na ya chini) chini ya 70, waliolazwa kwa propofoli, na waliopewa fentanili nyingi.

Swali langu kwenu: bila kuchoma mshipa wa ateri, kwa vifaa tulivyonavyo, tunaweza kumjua mtu huyo kabla hatujamlaza? Mimi nasema tunaweza, kwa kiasi. Kesho naendelea na habari ya oksimita, kile kipima oksijeni cha kidoleni, ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

---

Registra Mbeya

Asante Sista kwa kuwa muwazi, wengi kisa kama hicho tunakimezea. Naongeza moja. Wenzetu wa Cleveland, Marekani, walichapisha mwaka 2013 uchunguzi wa upasuaji zaidi ya 33,000 usio wa moyo. Presha ya wastani ikikaa chini ya 55, hata kwa dakika chache tu, waliopata madhara ya figo na ya moyo walikuwa wengi zaidi. Hauthibitishi kwamba presha ndiyo iliyosababisha, ila unatosha kuninyima usingizi. Hiyo 61/34 yako presha ya wastani ni 43.

---

Mama Kichanga

Samahani jamani, mimi si wa afya, uzi umenigusa tu. Nilifanyiwa opareshini ya uzazi mwezi wa tatu. Baada ya sindano ya mgongo nilihisi nazama, kichefuchefu, macho giza, nikamwambia dada aliyekaa kichwani kwangu "nakufa". Akanichoma kitu kwenye dripu nikarudi. Ndiyo hiyo hiyo presha? Na kwa nini hawakuniambia mapema?

---

Mtoa Usingizi Wilayani

Pole sana mama, na hongera ya mtoto. Ndiyo, ni hiyo. Ganzi ya mgongo haizimi maumivu peke yake, inazima pia neva zinazoibana mishipa ya damu kuanzia kifuani kwenda chini. Na mjamzito ana mzigo wa ziada: akilala chali, tumbo linaukandamiza mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni. Ndiyo maana tunaweka kabari chini ya nyonga ya kulia ili tumbo liegemee kushoto. Kichefuchefu kile mara nyingi hutangulia kabla mashine haijaonyesha chochote, kwa hiyo ulipozungumza ulimsaidia yule dada. Kwamba hukuambiwa mapema, hilo ni kosa letu. Mimi sasa huwaambia wote kabla ya sindano: "Ukihisi kichefuchefu au kizunguzungu niite hapohapo, usivumilie."

Swali lako limenifikisha palepale nilipotaka.

Monita nyingi za siku hizi, pale kwenye oksijeni, zina namba ndogo pembeni imeandikwa PI. Miaka mingi niliiona kama pambo. Oksimita inapitisha mwanga kidoleni. Sehemu kubwa ya mwanga inanyonywa na nyama, mfupa na damu iliyotulia, na sehemu ndogo inachezacheza kwa kila pigo la moyo. PI ni ile inayochezacheza ukiigawa kwa iliyotulia, kwa asilimia. Mishipa ya kidole ikijibana namba inashuka, ikilegea inapanda.

Mwaka 2013 Wajapani, Toyama na wenzake, waliwaangalia wajawazito 35 kabla ya ganzi ya mgongo. Waliokuwa na PI zaidi ya 3.5 ndio hasa presha yao ilishuka. Yaani mama ambaye mishipa yake imeshalegea kwa ujauzito, damu nyingi ipo pembeni, ukimchoma ganzi hana akiba.

Sasa sikilizeni. Mwaka 2017 kule India, Mehandale na Rajasekhar waliwapima wagonjwa 50 kabla ya kuwalaza kwa propofoli. Huko mambo yaligeuka: walioshuka ni wenye PI ndogo, chini ya 1.05.

Niliposoma mara ya kwanza nilidhani kuna aliyekosea kuchapa, na nikarudi kusoma tena na tena. Namba ileile, kidole kilekile, kwa huyu kubwa ndiyo hatari na kwa yule ndogo ndiyo hatari. Nilivyoelewa mimi, mwenye PI ndogo kabla ya nusu kaputi ni kama mzee wangu wa ngiri: mishipa imejikunja, mwili unajitetea, presha inaonekana nzuri kwa sababu ya juhudi hiyo. Propofoli inaikata juhudi. Mjamzito mwenye PI kubwa yeye hajibani, chombo chake kimeshatanuka, na ganzi inakimalizia. Kwa hiyo namba hii haina maana mpaka ujue unampa nini na ni nani aliyelala mbele yako. Atakayeondoka na "PI kubwa ni mbaya" au "PI ndogo ni mbaya" bora asingesoma kabisa.

---

Registra Mbeya

Sista, hapo lazima nikubane kidogo. Watu 35, watu 50. Ni vikundi vidogo, kila kimoja hospitali moja, na ule wa India waliwachukua watu wasio na magonjwa makubwa. Ukihamisha mpaka wa 1.05 kwenda kwa wagonjwa wetu wenye upungufu wa damu na chumba chenye baridi ya kiyoyozi, sidhani kama utasimama. Baridi tu inaibana mishipa ya vidole.

Mimi nina imani zaidi na altrasaundi. Zhang na Critchley, Hong Kong, 2016: kabla ya kulaza waliutazama ule mshipa mkuu wa chini unaoingia moyoni. Mgonjwa akivuta pumzi mshipa unasinyaa, akitoa unapanuka. Ukisinyaa kwa zaidi ya asilimia 43, uwezekano wa presha kushuka baada ya dawa ni mkubwa. Hiyo unaiona kwa macho, hukisii kupitia kidole.

---

Mtoa Usingizi Wilayani

Dokta umenibana kwa haki, na kuhusu baridi nakubali kabisa. Mimi humpima akiwa bado na shuka, kidole kikiwa na joto, akiwa ametulia walau dakika chache. Mwenye hofu mishipa inajibana kwa hofu tu. Na huo wa Hong Kong nao walikuwa wagonjwa 90.

Altrasaundi naipenda. Ila ya kwetu iko wodi ya wazazi na anayeishika saa nane usiku hayupo. Mgonjwa wa tumbo lililojaa gesi, ambaye ndiye hasa ninayemhofia, mshipa huo mara nyingi hauonekani. Ukipata mashine na mkono uliozoea, tumia. Mimi nazungumzia yule aliye peke yake na monita moja.

Nimeongea kama vile mpaka wa namba ndio jambo kubwa. Ngoja nijirekebishe: kwangu namba inafanya kazi ya kunisimamisha. Nikiona PI ni 0.6 kwa mtu mwenye joto na shuka, narudi kumuuliza: umekunywa maji lini mara ya mwisho? Umeharisha? Mkojo wako wa mwisho ulikuwa saa ngapi, rangi gani? Nambonyeza ukucha na kuhesabu rangi inarudi baada ya sekunde ngapi. Namwinua miguu akiwa bado macho, napima tena. Kwa yule mzee sikuuliza hata moja katika hayo, maana 138 ilikuwa imeshanijibu.

---

Fundi Vifaa Tiba

Wakuu nisameheni naingilia, mimi ni fundi wa vifaa tiba, nazunguka wilaya nne. Mnaongea PI na altrasaundi, lakini naomba kwanza mwitazame kamba ya presha yenyewe. Nakuta thieta ina kamba moja tu, ya saizi ya kati, inafungwa kwa mtoto na kwa mama wa kilo 110. Kamba ndogo kwenye mkono mnene inaongeza presha kwa uongo. Mfuko wa upepo ndani ya kamba uzunguke kama asilimia 80 ya mkono.

La pili. Mashine hizi hazisikilizi mapigo kama anavyofanya daktari kwa chombo cha masikioni. Zinahisi mtikisiko wa upepo ndani ya kamba. Pale mtikisiko ulipo mkubwa kuliko kote ndipo presha ya wastani. Namba ya juu na ya chini zinapigiwa hesabu kwa kanuni ya kila kiwanda. Kwa hiyo ile namba ya kwenye mabano, ambayo wengi hawaiandiki, ndiyo iliyopimwa hasa. Iandikeni.

La tatu ni kile alichosema Sista, dakika tano. Zinakuja hivyo kutoka kiwandani au mtu wa mwisho ameziacha hivyo. Kubadili ni vitufe viwili. Naingia thieta kumi, naikuta dakika tano karibu zote.

---

Mtoa Usingizi Wilayani

Fundi, Mungu akubariki. Hilo la dakika ningeliandika kwa rangi nyekundu kama jukwaa lingeniruhusu.

Viwango vya kimataifa vya WHO na shirikisho la watoa usingizi duniani, vya 2018, vinasema presha ipimwe angalau kila dakika tano. Sisi tumelifuta neno "angalau". Kwenye zile dakika kumi mimi sasa naweka kila dakika moja, nampima mara mbili kabla ya dawa, na narudi kwenye tano pale upasuaji unapokuwa umetulia.

Nafikiria mara nyingi kwamba mwaka 1901 Harvey Cushing alipita Pavia, Italia, akaona kamba ya presha ya Riva-Rocci ikitumika wodini, akaibeba kwenda nayo Marekani ili wagonjwa wa upasuaji wapimwe. Miaka zaidi ya 120 imepita. Kamba ni ileile, sasa inajijaza upepo na kujiandika yenyewe, na bado tunaiacha ilale dakika tano wakati mtu anazama.

---

Kijana wa Moshi

Shikamoo Sista. Mimi ni mwanafunzi wa usingizi mwaka wa pili. Nimesikia kuna mashine inayotumia akili bandia inatabiri presha itashuka dakika kadhaa kabla haijashuka. Je, si ndiyo suluhisho? Na kuna ile ya kidoleni inayopima presha kila pigo bila sindano.

---

Registra Mbeya

Hili niachieni.

Ile ya kidoleni ni wazo la Jan Peňáz wa Chekoslovakia, 1973. Kamba ndogo inakishika kidole, mwanga unatazama mshipa, na upepo unaongezeka na kupungua haraka ili mshipa ubaki na ujazo uleule. Upepo unaohitajika kufanya hivyo ndio presha, pigo kwa pigo. Cleveland walifanya jaribio, likachapishwa 2018: wagonjwa wote walivaa, ila nusu yao watoa usingizi hawakuonyeshwa namba zake. Kwa walioonyeshwa, kiasi cha presha kushuka kilipungua karibu nusu. Kuona mapema peke yake kulisaidia.

Akili bandia ndiyo yenye mjadala. Kipimo hicho kilitangazwa na Hatib na wenzake 2018, kinasoma umbo la wimbi la presha ndani ya ateri na kutoa namba 0 hadi 100. Jaribio dogo la Amsterdam la 2020 lilionyesha kushuka kwa presha kukipungua. Jaribio jingine la Cleveland mwaka huohuo halikuona tofauti. Kisha 2022 Wadenmark wawili, Enevoldsen na Vistisen, wakaonyesha tatizo la namna kilivyofundishwa: wagonjwa wa katikati, wale ambao presha yao ya wastani ni sitini na kitu kwenda sabini na kitu lakini hawakushuka, waliachwa nje. Ukifundisha hivyo mashine inajifunza kwamba presha iliyo chini kidogo itakuwa chini zaidi. Hilo hata kengele ya kawaida ukiiweka kwenye sabini na kitu itakuambia. Na kumbuka kijana, inahitaji wimbi linaloendelea. Kabla ya kulaza, swali la Sista ni jingine.

---

Mtoa Usingizi Wilayani

Marahaba kijana. Dokta amemaliza. Naongeza tu kwamba hapo ulipo una kengele ya presha ya wastani kwenye monita yako. Nenda katazame imewekwa ngapi. Nyingine zimezimwa kabisa kwa sababu zinapiga kelele.

---

Binti wa Tanga

Baba yangu ana miaka 66, wiki ijayo anafanyiwa upasuaji wa tezi dume. Anameza losartani, kidonge cha presha. Wengine wanatuambia aache, wengine aendelee. Tufanye nini?

---

Registra Mbeya

Dada, msiache wala msiendelee kwa ushauri wa jukwaani, mimi nikiwemo. Jambo la lazima ni mtu wa usingizi atakayemhudumia ajue kwamba anaitumia, dozi gani, na kidonge cha mwisho alimeza lini. Dawa za kundi hilo zinaufanya mwili ushindwe kuibana mishipa pale presha inaposhuka. Utafiti mkubwa wa Ufaransa wa 2024, watu zaidi ya 2,000, uliwagawa: nusu waliacha siku mbili kabla, nusu waliendelea. Madhara makubwa baada ya upasuaji yalifanana. Lakini walioendelea ndio walioshuka presha zaidi mezani. Kwa hiyo njia zote mbili zinawezekana, mradi aliyeko kichwani kwa baba ajue ajiandae. Nendeni na boksi la dawa lenyewe, msiseme tu "ana vidonge vya presha".

---

Uguzi Kampala

Habari wapendwa, nawasoma kutoka Uganda. Kuhusu ile hesabu ya mapigo kwa presha: hapa Kampala tulikuwa miongoni mwa maeneo ya majaribio ya kifaa cha CRADLE, mashine ndogo ya presha yenye taa tatu. Inafanya hesabu hiyohiyo yenyewe. Kwa mama, ikifika 0.9 taa ya njano, 1.7 nyekundu. Kilitengenezwa kwa ajili ya kutoka damu na kifafa cha mimba, si kwa usingizi. Lakini mama aliyetoka damu akiletwa thieta na taa ya njano, mimi siwezi kumgusa na propofoli kabla ya dripu na damu.

---

Mtoa Usingizi Wilayani

Dada wa Kampala, karibu sana. Na huyo wa njano wengi tunamkimbizia ketamini, dawa nyingine ya kulaza, ni sawa, ila naomba vijana msiione kama kinga kamili. Ketamini inapandisha presha kwa kuamsha homoni za mwili zinazoibana mishipa. Aliyepigana siku mbili akiba hiyo imeisha, na hapo ketamini yenyewe inaweza kumwangusha. Dozi ndogo, polepole, dawa ya kupandisha presha ikiwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano na kuandikwa jina. Sitaki tena kuvunja chupa ya efedrini huku mikono inatetemeka.

Kijana wa Moshi ameniandikia inboksi anauliza nafanya nini hasa siku hizi mgonjwa akionekana ni wa kushuka. Najibu hapa. Dripu inatangulia kama ni mkavu, na siogopi kumwambia daktari wa upasuaji asubiri robo saa, isipokuwa damu inapotoka. Propofoli napunguza na kuisukuma taratibu, kwa mzee natazama kope zake, sitazami kiasi kilichobaki kwenye bomba. Kwa mama wa ganzi ya mgongo mwenye PI kubwa, dawa ya kupandisha presha naianza pamoja na ganzi, sisubiri kichefuchefu. Pale tunapoishiwa fenilefrini, na tunaishiwa, efedrini inakaa mkononi.

Nimeanza pia kuandika. Tangu mwezi wa kwanza kila ninayemlaza naandika PI yake kabla ya dawa, mapigo kwa presha, na presha ya chini kabisa ndani ya dakika kumi. Jana wamefika 63. Ni wachache, na Dokta atanibana tena, lakini ni wagonjwa wetu, chumba chetu na baridi yetu. Karatasi ya usingizi tunayotumia haina sehemu ya PI, naiandika pembeni kwa kalamu nyekundu, juu ya uzito wa mgonjwa. Wenye monita inayoonyesha PI, mnaiandika wapi?

---

Uguzi Kampala

Sisi hatukuwa tunaiandika. Kesho nina opareshini tatu za uzazi, nitaiweka palepale, juu ya uzito.